Kinasa Sauti Namba Nne na Mikono ya Mama Kulusumu

Busia, Jumatatu tarehe 1 Septemba 2025. Ni miaka thelathini na minane tangu niondoke Kirewa, kijijini kwetu Tororo, na siku tatu tangu Kulusumu binti Umar astaafu. Alitumikia Kituo cha Sauti za Mpakani kwa miaka ishirini na saba, kuanzia Februari 1998 hadi Ijumaa iliyopita, saa kumi na moja jioni, alipokabidhi funguo na kuvuka mpaka kwenda kwake upande wa Uganda kama jioni nyingine zote. Mkurugenzi wetu, Bwana Mukhwana, ameniomba niandike habari zake kwa jarida la wafanyakazi. Nimekubali.

Kulusumu alizaliwa mwaka 1965 katika familia ya wasafirishaji. Baba yake alikuwa na malori mawili, na nyumbani kwao inasemekana binti alijua kufungua kabureta kabla ya kujua kusuka nywele. Kwetu aliajiriwa kupokea wageni. Wiki ya pili, kaseti ya mzee mmoja wa kijiji cha Sop Sop ilikatika ndani ya mashine. Kulusumu aliitoa, akaunganisha utepe kwa kipande cha selotepu, na mzee akaendelea na hadithi yake pale alipoishia. Tangu siku hiyo wageni walijipokea wenyewe.

Wasiotujua waelewe kwamba kazi yetu ni kurekodi wazee wa pande zote mbili za mpaka, Busia na Tororo: nani aliishi wapi, shamba liliishia kwenye kijito gani, nani amezikwa mahali gani. Mimi hutafsiri Dhopadhola, lugha ya kwetu Tororo. Wengi tuliowarekodi wamekwisha kufa, na sauti hizo ndizo pekee walizoacha.

Mwaka 2006 wafadhili walituletea vinasa sauti vinne vya kidijitali. Vilikuwa vidogo, vinang'aa, tukavipenda. Hatukujua kwamba vinahifadhi sauti katika umbo la siri la kampuni iliyovitengeneza, na kwamba sauti hizo hufunguka kwa programu ya kampuni hiyo tu, kwenye Windows tu, kwa leseni. Mwaka 2011 radi ilipiga. Kompyuta iliungua pamoja na leseni yake, na kampuni ilikuwa imeshaacha biashara hiyo. Mazungumzo mia nne yakabaki ndani ya vinasa sauti hivyo, katika mafaili ambayo hakuna mashine iliyokubali kuyasoma. Wiki ile tuliongea kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili.

Kulusumu aliweka Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu, alisema, angalau hiyo hakuna mtu wa mbali anayeweza kuifunga. Linux haikuvitambua vinasa sauti. Kulusumu akarekodi dakika moja ya ukimya, kisha dakika moja ya kengele ya baiskeli, akalinganisha mafaili hayo tarakimu kwa tarakimu mpaka akaona sauti inaanzia wapi. Aliandikiana na watu wa nchi ambazo hatazifikia. Baada ya miezi saba alikuwa na programu yake ya kusoma mafaili, na draiva yake, yaani kile kipande kinachoifanya kompyuta ielewane na kifaa. Sauti ya kwanza kutoka ilikuwa ya mzee wa Masafu, nayo ilikwenda mbio mno hata akasikika kama kuku anayefukuzwa. Tulicheka mpaka Bwana Mukhwana akatoka nje kujifuta macho.

Vinasa sauti vitatu vilitoa mazungumzo yao yote. Namba nne kilikuwa mgonjwa. Kikiamka, kilitoa mazungumzo moja au mawili, kikapata moto, kikazima, na hakuna aliyejua kama kitaamka tena. Kulusumu alikiwekea utaratibu: asubuhi ya anga safi tu, nyaya zote za umeme zichomolewe, kompyuta itumie betri ya lori, Bwana Mukhwana asimame mlangoni asipite mtu. Mara moja au mbili kwa mwaka, si zaidi. Kwenye kompyuta hiyo alibandika karatasi: USISASISHE, HATA UKIOMBWA VIZURI.

Hadi mwaka huu yalikuwa yamebaki mazungumzo kumi na tisa. Moja ni la mama yangu, Akongo, aliyerekodiwa na Kulusumu mwenyewe kule Kirewa mwaka 2007, miaka miwili kabla hajafa. Sikwenda kumzika. Kila mwaka Kulusumu aliniuliza, "Mzee Odoi, safari hii tumtoe mama?" Nami nilijibu, "Mwaka ujao." Niliogopa kwamba kifaa kitakufa, na niliogopa pia kwamba hakitakufa. Hakuwahi kunisukuma.

Tarehe 8 Agosti likatokea jambo ambalo lingeweza kutokea hapa mpakani tu. Loy, mwenzetu anayetoka Masafu, ana laini ya Uganda inayoshika mtandao hadi ofisini kwetu, na bando lake kubwa lilikuwa linaisha saa sita mchana. Akaona lisipotee bure. Akaziunganisha kompyuta zote, akabonyeza Sasisha. Karatasi ilikuwa imeanguka nyuma ya meza. Na kwa kuwa Loy ni mtu msafi, kompyuta ilipomuuliza kama iondoe vipande vya zamani visivyotumika, alikubali. Kiini cha mfumo kikabadilika, na draiva ya Kulusumu ikakataa kufanya kazi.

"Bando ilikuwa inakufa, Mama," Loy alisema. "Mimi nikasema isiende bure."

"Haikwenda bure," Kulusumu alijibu. "Imekwenda na sisi wote."

Zilibaki wiki tatu kabla ya Kulusumu kustaafu. Angeweza kurudisha mfumo wa zamani kwa siku moja, na Bwana Mukhwana alimsihi afanye hivyo. Alikataa. "Nikiurudisha mimi, mtanipigia simu mpaka kaburini." Akamkalisha Loy kwenye kiti chake, akampa daftari lake, naye akaketi pembeni akiwa ameikalia mikono yake miwili, viganja chini ya mapaja. "Mikono yangu imestaafu. Mdomo bado mpaka Ijumaa ya mwisho."

Draiva iligoma kwa makosa kumi na manne. Loy aliyasoma moja moja kwa sauti, akarekebisha, akajaribu, yakatokea mengine. Siku ya tano alilia. Kulusumu alimwambia, "Lia, lakini usifunge hilo dirisha, sijasoma mstari wa mwisho." Sisi wengine tulipita mlangoni kwa ncha za vidole. Mimi nilikuwa nikiamka nimekunja ngumi.

Ijumaa tarehe 29, saa nne asubuhi, anga ilikuwa safi. Nyaya zikachomolewa, betri ikaletwa, Bwana Mukhwana akasimama mlangoni. Loy alichomeka namba nne. Taa yake nyekundu ilikaa muda mrefu bila kuwaka. Kisha ikawaka.

"Tuanze na lipi?" Loy aliuliza.

Kulusumu alinitazama mimi. "Mzee Odoi, mwaka ujao mimi sipo."

Nikasema, "Akongo."

Faili lilinakiliwa lote, dakika ishirini na sita, likisikika huku likinakiliwa. La pili lilifika katikati, kifaa kikapata moto, kikazima. Loy amejaribu tena leo asubuhi. Hakijaamka. Kama hakitaamka, wazee wale kumi na wanane hatutawasikia, na miaka yangu yote ya kusema mwaka ujao imo katika hesabu hiyo. Loy ameomba ajaribu tena kiangazi kitakapoanza. Draiva ni yake sasa, na daftari pia.

Kulusumu alisubiri hadi dakika ya mwisho ya mama kabla ya kuitoa mikono alipoikalia. Ilikuwa imekufa ganzi. Loy aliisugua.

Mama Kulusumu, umetuachia sauti mia tatu na themanini na mbili zinazosikika, na mtu mmoja anayejua kuzifungua. Asante. Nenda Masafu kwa binti yako Sakinah, ulime mahindi yako, simu uizime tukikusumbua. Mungu akupe siku ndefu zenye utulivu, na mikono yako ishike vitu visivyoweza kukatika.

Katika dakika ile ya mwisho mama anataja mipaka ya shamba letu: kisiki cha mvule, njia ya ng'ombe, kijito. Kisha anasema, bila haraka, kwamba Odoi akirudi aonyeshwe ilipokuwa nyumba ya kwanza, upande wa kijito, kwa sababu atakuwa amesahau. Sijasahau. Katika shamba hilo wanaishi leo watu waliozaliwa humo, wasiojua kwao kwingine, na kurudi kwangu kungekuwa kuwadai.

Nimemsikia. Sitarudi Kirewa.