Piga Juu!

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya banda langu la kuchomelea mageti na chumba cha kinyozi. Mguu wake mmoja nimeuunga mimi mwenyewe kwa chuma, na siku dunia itakapokwisha, huo mguu ndio utakaobaki umesimama peke yake. Mimi ndiye Cheche. Shule niliiacha kwenye hesabu za kugawanya, nilipoona hata walionifundisha hawapendi kugawana. Basi Jumatatu ile jioni hakuna aliyemsalimia mwenzake. Tumekaa tumenuna, vikombe vinagongwa kwenye benchi kama vimetukosea, kwa sababu jana yake timu ya wanawake ya mtaa wetu ilifungwa mpira wa wavu na wale wa ng'ambo ya mtaro. Seti ya mwisho, sevu ya mwisho, mpira ukagota kwenye wavu ukaanguka upande wetu kama embe bovu. Na aliyepiga sevu hiyo, lile pigo la kuanzisha mchezo, ni Cherehani, fundi nguo, mdogo wake mke wangu. Kwa hiyo mimi nilikuwa na hasira mbili, ya mtaani na ya nyumbani, maana tangu jana mke wangu ananiwekea chakula bila kuniangalia usoni.

Marudiano ni Jumapili. Na kamati ya timu ni sisi. Hatukuchaguliwa na mtu, ila benchi ni letu na mdomo ni wetu.

Wa kwanza kufungua kinywa alikuwa Muhuri, karani mstaafu. Huyu maisha yake yote kazini alikuwa akigonga mihuri, na koti la ofisi hajalivua mpaka leo.

Muhuri: Kikao kimefunguliwa. Ajenda ni moja. Cherehani atolewe kwenye timu.

Mimi: Atolewe na nani?

Muhuri: Na kamati.

Mimi: Kamati ipi? Wewe na hilo koti?

Muhuri: Usinitukanie koti, Cheche. Wewe unamtetea kwa sababu ni shemeji yako.

Mimi: Simtetei! Nina hasira naye kuliko nyote. Nimechomelea geti leo bila umeme, kwa hasira tu!

Wembe ni kinyozi, na hasira zake huwa zinaishia kwa wateja.

Wembe: Mimi leo nimemkata mtu sikio. Nimeshika mashine, nikaukumbuka ule mpira unavyoanguka, mkono ukaruka.

Birika: Si umemkwaruza kidogo tu?

Wembe: Kidogo? Sikio ni lako?

Birika ndiye anayetuuzia kahawa. Tunamwita hivyo kwa sababu yeye na birika lake hawajawahi kuonekana wametengana, na ukiwatazama kwa nyuma huwezi kusema yupi ni yupi.

Hapa lazima niseme tulivyofika huko. Zamani Cherehani alikuwa anapiga sevu ya chini, mkono unatokea kiunoni, mpira unapita wavu taratibu kama mgeni mwenye adabu. Hakosi. Sasa wale wa ng'ambo wakaanza kumcheka, eti anamwaga maji ya kufulia. Benchi zima tukawaka moto! Tukamwita, tukamwambia kuanzia leo ni sevu ya juu, mkono upite kichwani, kama watu wazima. Kila jioni akawa anafanya mazoezi kwenye ukuta wa ghala hapo mbele, mpira unagonga ukuta paa, sisi tunapiga makofi na kumfundisha tukiwa tumekaa: "Juu! Piga juu!" Na jana aliposimama nyuma ya mstari na ule mpira wa mwisho, tulisimama wote. "Juu! Juu!" Sauti yangu ndiyo iliyosikika zaidi. Mbwa walihama mtaa.

Muhuri: Nafasi yake aichukue mkwe wangu, mke wa mwanangu.

Wembe: Nani? Yule anayeogopa mpira? Jana mpira ulimfuata nje kwenye viti vya watazamaji, akajificha nyuma ya mtoto wake mwenyewe!

Muhuri: Anajifunza.

Wembe: Anajifunza kukimbia!

Birika: Aa, jamani, msipigane kabla ya kujua kosa. Kosa lilikuwa wapi?

Wembe: Kosa mimi nalijua. Hakuupiga utosini. Mpira ni kichwa, bwana, na kichwa unakianzia juu, utosini. Nimewaambia hivyo tangu mwanzo: piga juu! Ukipata utosi umepata kila kitu. Kuna mteja alikuja kwangu anataka kumwacha mkewe, nikamwanzia utosini. Alitoka hapa anakwenda kumnunulia viatu.

Mimi: Ulimkata sikio akakosa kusikia ugomvi, ndiyo maana!

Muhuri: Upuuzi. Kosa ni mkono. Mkono uwe juu, umenyooka, kama wa mtu anayeomba kuzungumza mkutanoni, halafu ushuke. Mimi mkono wangu ulipokuwa ukishuka kazini, ghorofa ya chini wanashika vikombe vyao. Siku moja niligonga muhuri kwa nguvu, wino ukapitiliza meza, ukatokea kwenye barua ya ofisi nyingine. Walilipwa bila kuomba!

Birika: Mkono baadaye. Kwanza ni kuurusha. Anaurusha chini mno. Nitazameni mimi.

Akanyanyua birika kichwani, kikombe magotini, akamimina. Nusu iliingia kikombeni. Nusu ilinywewa na kiatu cha Muhuri.

Muhuri: We!

Birika: Samahani, mzee. Lakini mmeona? Ukiurusha juu sana, unapata nafasi. Unaurusha, unakunja mkono wa jezi, unamuuliza refa habari za nyumbani, unapiga chafya kama ipo, ndipo mpira unashuka unauchapa.

Mimi: Nyote hamjui kitu! Niacheni niseme mimi niliyecheza.

Wembe: Ulicheza wapi?

Mimi: Kabla hujazaliwa ukubwa huo. Sevu ya juu ni mpira kwenda juu! Angani! Uupige upotee. Wale wa ng'ambo waulizane, "Uko wapi?" Mmoja achoke aende zake kupika. Ndipo uwashukie kama deni. Mimi nilipiga mmoja ukakaa huko mpaka tukabadilisha upande, na uliporudi ulikuwa wa baridi, tukauanika juani kwanza ndipo mchezo ukaendelea.

Wembe: Muongo mkubwa wewe!

Mimi: Nani muongo?

Wembe: Wewe! Na shemeji yako ametuaibisha kwa sababu amefundishwa na muongo!

Nikasimama. Wembe naye akasimama. Muhuri akagonga benchi kwa kiganja, ngo, kama bado yuko kazini.

Muhuri: Kura! Hasira zote tuziweke kwenye kura. Anayetaka Cherehani atoke, anyooshe mkono.

Mkono wake ulipanda kabla hajamaliza kusema. Wa Wembe ukafuata. Birika alitazama birika lake kama analiomba ushauri, naye akainua kidole kimoja.

Muhuri: Cheche?

Mimi: Nikisema ndiyo, mnajua mimi nitalala wapi leo?

Wembe: Lala bandani. Jana tumechekwa mpaka na watoto wanaonyonya. Wewe ni wa mtaa au wa mkeo?

Wakanikazia macho. Na kweli nilikuwa na uchungu, nikaukumbuka ule mpira, nikakumbuka wale wa ng'ambo wanavyocheza ngoma zao mbele ya pua zetu. Mkono wangu ukaanza kupanda wenyewe. Ulikuwa umefika begani niliposikia sauti nyuma yangu.

— Shemeji, huo mkono unakwenda wapi?

Mimi: Najikuna.

Cherehani alikuwa amesimama na mpira kwapani, futi yake ya kupimia nguo shingoni, macho mekundu. Sijui alikuwa amefika saa ngapi, ila kwa jinsi alivyotutazama alikuwa amesikia vya kumtosha. Akaiweka jezi kwenye benchi, imekunjwa vizuri, imepigwa pasi kabisa. Hiyo pasi ndiyo iliyoniumiza.

Cherehani: Jezi hiyo hapo. Zote mnazojivunia nimezishona mimi, usiku nimeharibu macho, na hamjawahi hata kuniletea uzi. Lakini sawa. Mnataka nitoke, natoka.

Muhuri: Binti, kamati haikukusudia...

Cherehani: Mzee Muhuri, shikamoo yako utaipata, ila usinikatishe. Nina swali moja tu, nikijibiwa naondoka. Kila jioni mnaniambia piga juu. Jana nimeshika mpira, wote mmesimama, juu, juu. Juu ya nini?

Tukajibu wote kwa pamoja.

— Juu ya mpira!
— Mkono!
— Uurushe juu!
— Angani!

Kisha tukatazamana.

Cherehani: Mmoja mmoja. Kaka Wembe?

Wembe: Juu ya mpira. Utosini.

Cherehani: Niliupiga utosini. Mpira ukipigwa utosini unakwenda wapi, kaka yangu? Si unakwenda chini? Mzee Muhuri?

Muhuri: Mkono uwe juu.

Cherehani: Ulikuwa juu, umenyooka mpaka kwapa likalia. Kaka Birika?

Birika: Mimi... kuurusha.

Cherehani: Niliurusha mpaka jua likaniingia machoni. Shemeji?

Mimi: Shemeji, mimi nilimaanisha angani, yaani kwa...

Cherehani: Na hiyo ndiyo iliyonifanya nitumie nguvu zote za mwili. Nyote ni wakubwa zangu. Niliwatii nyote wanne kwa pigo moja! Nilidhani watu wanaopiga kelele neno moja wana maana moja. Mimi nilikuwa nataka upite juu ya wavu. Kuna hata mmoja hapa aliyekuwa anasema juu ya wavu?

Wembe akamtazama Muhuri, Muhuri akakitazama kiatu chake. Mimi nikafukuza inzi kwenye ukingo wa kikombe.

Cherehani: Sasa niambieni. Jumapili mkianza tena kupiga kelele, nifuate juu ya nani?

Yeye akasubiri, akasonya, msonyo mrefu uliotufikia mmoja mmoja, akageuka.

Muhuri: Haya, ni wewe Wembe na huo utosi wako!

Wembe: Mimi? Si wewe na mkutano wako! Mtu amenyoosha mkono kama anaomba ruhusa ya kwenda chooni!

Mimi: Na Birika amemtupia jua machoni!

Birika: Mimi ndiye niliyemtupia jua? Ni wewe uliyemwambia apige mpira upotee, ndiyo maana tumepotea sisi!

Wembe akamshika Muhuri kola ya koti. Muhuri akamshika Wembe aproni. Mimi nikamshika Birika mkono, Birika akashika birika, birika likapinduka, na kahawa yote iliyobaki ikatiririka kwenye benchi, kwenye suruali, mpaka chini. Tulikuwa tukitukanana kwa mpangilio mzuri kabisa tuliposikia:

Paa!

Tukageuka tukiwa bado tumeshikana. Cherehani alikuwa mbele ya ghala. Alikuwa amechukua stuli ya Wembe bila kuomba, amepanda, amepima ukuta kwa futi yake, na kwa chaki ya kukatia nguo amechora mstari mrefu mweupe kutoka pembe hadi pembe. Hapo ndipo kitu kiliponigonga kichwani. Ukuta hauna wavu! Siku zote tulizokuwa tukipiga makofi, mpira ungeweza kugonga popote, chini, katikati, kwenye mlango, na sisi bado tungesema safi.

Alirudi nyuma. Mpira aliurusha kidogo tu, mbele ya bega, kiasi cha mkono kuufikia. Akauchapa kwa kiganja upande wa nyuma, katikati ya tumbo la mpira. Paa! Chini ya mstari. Akasonya. Akauokota. Safari hii paa, shubiri moja juu ya mstari. Akauokota tena. Paa, juu ya mstari, pale pale. Haukupotea angani wala haukurudi na baridi. Ulipita tu.

Nikaangalia kwenye benchi. Mahali palipokuwa na jezi palibaki mraba mkavu, umezungukwa na kahawa. Jezi yenyewe ilikuwa mabegani mwa Cherehani, ameifunga mikono shingoni juu ya futi, na sisi wanne hatukumwona alipoichukua.

Hakuna aliyetaja kura tena. Muhuri alijifunga kifungo cha koti. Cherehani akarudi nyuma tena, akautazama mstari wake ukutani, akaupapasa mpira, akauweka kwenye kiganja cha kushoto. Wembe akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Wembe: J...

Birika akamziba kwa kiganja. Na mimi neno lilikuwa limeshanifika kooni, kubwa, la kuhamisha mbwa mtaa. Nikanyoosha kikombe nipate cha kulishushia. Birika likageuzwa, halikutoa hata tone. Nikalimeza lile neno kavu hivyo hivyo.