Fundi Soksi na Sakafu Aliyoiacha Nusu

Basi liliponishusha kwenye mtaa nisioujua, nilimuuliza muuza maji njia ya kwa Fundi Soksi, kaka yangu. "Fuata vumbi," alisema, kisha akakumbuka, akainamisha kichwa. Vumbi lilishatulia.

Mlangoni mke wa marehemu hakunipa hata pole. "Vua viatu, shemeji. Ndivyo alivyotaka." Nusu ya sebule ilishapakwa vanishi, ina rangi ya chai kavu. Nusu nyingine ilikuwa mbao tupu, nyeupe kama kiganja.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika chumba nyuma ya karakana ya mbao, mtoto wa kwanza wa seremala na mshona nguo. Alimaliza shule ya msingi ng'ambo ya barabara mwaka 1975. Mwalimu aliandika kwamba hatulii kitini. Magotini alitulia.

Mwaka 1979 alianza kazi ya sakafu za mbao ngumu. Msasa mkali ulitangulia, na chumba kikawa kibaya kuliko alivyokikuta: michirizi, mabaka, vumbi hadi kwenye kope. Wenye nyumba walishika vichwa. "Tulieni," aliwaambia, "sakafu lazima kwanza ikuaibishe." Kisha msasa wa kati, kisha laini, na nyuzi za mbao zikajitokeza kama mishipa ya mkono. Alifanya kazi kwa soksi asiache alama, jina likamganda.

Kanuni yake ilikuwa moja: anzia kwenye kona, malizia mlangoni. Aliivunja mwaka 1986, nyumbani kwa mpishi mmoja. Alipaka vanishi kuanzia mlangoni, macho yakimfuata binti wa nyumba, akajikuta kwenye kona, chumba kizima mbele yake kibichi. Alishinda dirishani.

"Fundi, umejifunga mwenyewe?" binti aliuliza, akimpitishia maji.

"Sina haraka."

Walioana tarehe 12 Desemba 1987.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2019. Daktari alimkataza vumbi. Aliacha sakafu za watu, akabakiza yake. Wiki ya mwisho alinipigia simu, nikiwa nchi nyingine kama kawaida. "We mzururaji, mbao tupu hunywa kila kitu. Usiiache ikanywa msiba wangu." Nilimwambia nakuja. Alifariki tarehe 4 Juni 2024, nyumbani. Ndiyo maana tumewakalisha uani, ninyi waombolezaji.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mkwe, wajukuu watatu, na mdogo wake, ambaye siku zote ndiye aliyekuwa akiaga.

Vanishi hupakwa nyumba ikiwa tupu, maana watu wakipita vumbi huinuka. Nyumba hii itakuwa tupu leo, mkiwa makaburini.

"Hutamsindikiza?" shemeji aliniuliza asubuhi.

"Nani atamalizia?"

Alinipa soksi za marehemu.

Nikimaliza kusoma wasifu huu, mchukueni. Mimi nitaanzia kwenye kona. Kaka yetu alale salama, magoti yake yapumzike. Nanyi mkirudi, piteni mlango wa nyuma.