Samaki Mwenye Tai

Dada: Haloo? Ni nani?

Mtundu: Tahadhari, mwananchi. Hapa ni Ofisi Kuu ya Mheshimiwa Samaki, Mlinzi wa Vijito, Mwenye Magamba Ma— (anakohoa) Samahani. Mheshimiwa amepaliwa.

Dada: Na simu ya matroni, Mheshimiwa ameiomba au ameiiba?

Mtundu: Nimeiomba. Shikamoo, dada. Salio ni kidogo, kwa hiyo—

Dada: Marahaba. (kimya)

Mtundu: Haloo? Unakatika.

Dada: Siyo mtandao.

Mtundu: Kuna nini? Samaki wako?

Dada: Walibaki kumi na mmoja. Dunia nzima walikuwa kwenye kijito kile tu. Jana nimewakuta wanaelea matumbo juu, chini ya daraja la shule yenu.

Mtundu: Wote? Hata yule uliyempa jina langu?

Dada: Mtundu yuko hapa maabara, kwenye chupa. Nimempima. Amejaa dawa.

Mtundu: Dawa? Kwani alikuwa anaumwa?

Dada: Dawa ya wadudu. Usijitie hamnazo. Kabla ya kufika darajani maji ni safi. Kuanzia hapo kushuka, sumu tupu.

Mtundu: Labda wakulima wa—

Dada: Juzi nani alinyunyizia bustani ya shule?

Mtundu: Watu wengi tu... unanisikia? Mtandao—

Dada: Bomba la kunyunyizia lilioshwa wapi? Shimo la kumwagia mabaki ya dawa nilikuja kuwaonyesha mwenyewe.

Mtundu: Shimo liko mbali, dada, na mechi ilikuwa inaanza— yaani, mtu angeweza kuwaza hivyo.

Dada: Nimeokota kifuniko cha bomba ukingoni. Kimechorwa samaki amevaa tai.

Mtundu: Tai ya mistari?

Dada: Ya mistari.

Mtundu: Ni mimi. Kunyunyizia ilikuwa adhabu yangu. Nikalisuuza mara tatu, kama ulivyotufundisha. Mara zote tatu kijitoni. Nilidhani maji yanaondoka na mambo yake.

Dada: Yaliondoka nayo.

Mtundu: Dada...

Dada: Kwenye ripoti kuna mstari wa chanzo cha sumu. Tangu jana nauangalia tu. Kalamu haishuki.

Mtundu: Niandike.

Dada: Miaka mitatu, mdogo wangu. Nilikuwa nawajua mmoja mmoja.

Mtundu: Salio linaisha. Niandike, dada, jina langu kamili. La Mtundu muachie yule wa kwenye chu—