Aliyesomea Dini Zote: Maisha ya Kaka Yangu Ladislaus Ausi Ernest

Ndugu balozi wetu wa nyumba kumi, shehe wetu, katekista wetu Ndugu Eustakio, walimu mliofanya kazi na marehemu, mjomba, shangazi, na ninyi nyote mlioacha mashamba mkaja kukaa nasi hapa Nachingwea tangu jana, mimi naitwa Dastani Ernest, mdogo wake marehemu, tumetoka tumbo moja, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake kabla hatujaondoka kwenda kuzika, na naomba mnivumilie, kwa kuwa tunakwenda kuzika wapi bado hatujakubaliana. Wengi wenu mnajua kwamba makaburi yamechimbwa mawili, moja Narung'ombe alikolala baba yetu, kwenye makaburi ya Wakristo, la pili Mkotokuyana alikolala mama yetu, kwenye makaburi ya Waislamu, jeneza liko barazani, sanda iko chumbani, na dereva wa lori la ushirika ameshaniuliza mara tatu tunashika barabara ipi.

Marehemu alizaliwa Narung'ombe, tarehe 3 Machi, 1951, kwa mujibu wa daftari la ubatizo, au mwaka wa pili yake, wakati wa kuvuna mtama, kwa mujibu wa mjomba wetu Mzee Sabaha, na mimi sikuwepo, kwa hiyo naziacha tarehe zote mbili kama zilivyo. Baba yetu, Ernest, alikuwa Mkatoliki, mama yetu, Zaitun, alikuwa Muislamu, waliishi vizuri, baba akampeleka mtoto misheni akabatizwa Ladislaus, mama akamwita Ausi, jina la babu yake, na mtoto akawa anaitika yote mawili. Baba alifariki mwaka 1956, na kwa kuwa kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, mama alirudi kwa kaka yake Mkotokuyana pamoja na marehemu, mimi siku ile nilikuwa na surua, nikaachwa kwa shangazi yetu Marselina mpaka nipone, nikapona, nikabaki hukohuko. Ndiyo sababu mimi ni Mkristo, na kaka yangu hamjui alikuwa nani.

Alianza shule ya msingi Mkotokuyana mwaka 1959, jioni akisoma madrasa, likizo akija Narung'ombe kwa shangazi na kutumikia misa, na hakuna aliyemkataza, kwa kuwa kila upande uliamini ule mwingine ni mchezo wa kitoto utakaoisha. Alichaguliwa kuingia sekondari mwaka 1967, mama akafariki tarehe 20 Juni, 1969, yeye akiwa kidato cha tatu, alifika kaburi limeshafukiwa, akamaliza kidato cha sita mwaka 1972, akaenda jeshi la kujenga taifa, na mwezi wa saba mwaka 1973 akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Hapo ndipo mkanganyiko wetu ulipoanzia. Marehemu aliandika barua mbili, moja kwa mjomba na moja kwa shangazi, zote zikisema neno lilelile, kwamba amechaguliwa kusomea dini, na mjomba akautangazia msikiti kwamba mpwa wake anasomea ushehe, na shangazi akaitangazia jumuiya kwamba mtoto wa kaka yake anasomea upadri, kuku wakachinjwa huku na huku, na kwa miaka mitatu kila upande ulikuwa ukiucheka ule mwingine chinichini. Aliporudi na digrii yake, tarehe 11 Desemba, 1976, aliposhuka basi hapa Nachingwea alikuta dufu upande mmoja na kwaya upande wa pili, wote wakimwimbia yeye, akasimama katikati na sanduku lake la vitabu mpaka nyimbo zikaisha. Ikabidi aeleze kwamba amesomea dini zote za ulimwengu, Uislamu na Ukristo, lakini pia Wahindu, Wabudha, Wayahudi na mambo ya wazee wa kale, na mjomba akamuuliza mbele za watu, "Sasa mwanangu, umesomea kuwa nani?" Alicheka tu, nasi tukacheka, na nadhani tulikosea kucheka.

Kwa kuwa hakuna ofisi iliyokuwa inahitaji mtu wa dini zote, marehemu aliajiriwa Januari 1977 kufundisha historia na siasa katika shule ya sekondari hapa wilayani, na mwaka 1980 akahamishiwa elimu ya watu wazima, tarafa ya Ruangwa, akawa anaondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa. Mwaka 1982 alipelekwa miezi minne Kilimarondo kufungua madarasa ya kisomo, na huko, tembo walipoingia mashambani, aliandamana na wazee kwenda kumwaga unga wa kuombea mavuno, naye akiandika kila kitu kwenye daftari, na jana walifika wazee wawili kutoka huko, walipanda baiskeli siku mbili kuja kumwona mgonjwa wakakuta msiba, wanasema marehemu ni mtu wao. Ramadhani alifunga, Kwaresima alifunga, hata tukamtania kwamba mtu huyu anatafuta kisingizio cha kubana chakula, na ukimuuliza kwa nini anafunga mara mbili alisema hapendi kula mbele ya mtu mwenye njaa. Nimesoma madaftari yake yote saba tangu jana, nikitafuta mstari mmoja wa kunisaidia, nimekuta namna Wahindu wanavyochoma maiti, namna Wayahudi wanavyoketi msibani, wala hakuandika popote yeye mwenyewe azikweje.

Tarehe 15 Aprili, 1978, siku ya Jumamosi, marehemu alifunga ndoa na Bi Felomena, muuguzi, binti wa Kimakua kutoka Masasi, Mwanglikana, na kwa kuwa kila mtu alikuwa anasubiri aone ataolea wapi, aliolea bomani, mbele ya mkuu wa wilaya, hivyo tukakosa jibu na pilau pia. Walijaliwa watoto watatu, Albina, aliyezaliwa 1979, Bibie, aliyezaliwa 1982, na Ernest, aliyezaliwa Januari 1985. Shemeji yangu Felomena nimemuuliza mara nyingi tangu jana, anasema katika miaka minane ya ndoa mume wake alimsindikiza kila mtu kwenye sala yake, akamsubiri nje, akarudi naye nyumbani.

Aliugua ini tangu Novemba 1985, tumbo likajaa maji, alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena tarehe 19 Agosti, 1986, na hakutoka. Siku moja nikiwa nimekaa naye wodini aliniambia, "Dastani, sala za watu wote nazijua, yangu ndiyo siipati." Mimi nikamwambia atulie, homa ikishuka ataipata. Alifariki jana, Jumanne, tarehe 7 Oktoba, 1986, saa tano asubuhi, na sina neno la kueleza jinsi nilivyoumia, alikuwa ndugu yangu wa pekee.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, nikapanga nimalizie kwa kusema mjomba na shangazi waketi wakubaliane. Lakini leo asubuhi shehe aliniuliza kwa upole kama yupo aliyemsikia marehemu akisema lolote, naye katekista akaniuliza hivyohivyo, na wote wawili niliwajibu hapana, na huo ulikuwa uongo. Juzi Jumatatu, Felomena alipotoka kwenda kuchota maji, kaka yangu alinishika mkono akasema, "Mkinizika, nilazeni kwa mama." Nikamuuliza, Kiislamu? Akafumba macho, akafumbua, akasema, "Dastani, nimesema kwa mama." Nilijifanya sikusikia, kwa sababu mimi nilitaka alale Narung'ombe, kwa baba, mahali nami nitakapolala, tulitenganishwa na surua tukiwa wadogo na nilitaka safari hii abaki na mimi, kwa hiyo jana alipofariki nilituma watu huku na huku, makaburi yakawa mawili.

Shehe wetu, sijui kama maneno hayo yanatosha kwenu, mimi sikusoma, aliyesoma ndiye huyu aliyelala ndani, nakuletea kama nilivyoyasikia, uyapime. Ndugu Eustakio, nisamehe, vijana wako wamechimba kwenye mawe bure, katika kaburi lile tutazika mgomba kama desturi inavyotaka, lisikae wazi. Shangazi, wewe ulinilea, kama una hasira zishushe kwangu, usimwombee mabaya yeye.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza mpaka pumzi ya mwisho, majirani mliopika na kuteka maji, walimu wenzake, wanakisomo wa Ruangwa waliokuja kwa miguu, wazee wa Kilimarondo, na chama cha ushirika kwa lori. Dereva, tunakwenda Mkotokuyana.

Kaka, nimeshasema. Nenda kapumzike kwa mama.