Bi Maeng na Nili Isiyochuja

Baada ya miaka thelathini na moja ya kutia nguo rangi katika karakana yetu ya mavazi ya filamu hapa Naju, Bi Maeng Deok-sun anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Uongozi umeniomba niandike maneno matamu. Nitajitahidi, ingawa yeye mwenyewe hana mazoea nayo.

Amevalisha zaidi ya mawaziri mia mbili waliolishwa sumu katika filamu za mauaji ya kale, na hakuna hata mmoja aliyekufa ndani ya rangi isiyo ya cheo chake. Waongozaji wanane walilalamika juu yake. Wawili walilia kabisa.

Kubwa lake ni la mwaka juzi. Mwongozaji Ku Bon-tae alileta hadithi ya mpelelezi wa mfalme anayemnasa muuaji, bwana mkubwa, kwa sababu joho lake la buluu ya nili lilichuja mvuani na kuacha doa kwenye kola ya marehemu. Bi Maeng alisoma, akavua miwani.

"Nili ya bwana mkubwa haichuji. Muuaji wako ameshaponyoka."

"Mama, mtazamaji atajuaje?"

"Mimi nitajua."

Ku, ambaye kwenye kila mahojiano hujiita mtumwa wa historia, aliagiza joho la rangi ya kiwandani na kumwondoa Bi Maeng kazini. Alikaa nyumbani wiki tatu. Sisi wenzake, mashujaa wa kunong'ona, hatukufumbua mdomo.

Siku ya kupiga picha, mvua ya mabomba ilifunguliwa. Joho lilichuja kwa utiifu wa ajabu, likampaka nyota wetu aliyeigiza muuaji shingo, masikio na kidevu. Sabuni ilishindwa, siki ikashindwa. Alibaki buluu siku tisa, na kazi ikasimama.

Ku akamwendea Bi Maeng nyumbani na sanduku la peasi. Alimkuta akikata figili za kimchi, achari ya kuchachusha.

"Niokoe, mama."

"Ungenisikiliza mapema, peasi hizo ungekula mwenyewe."

Hata hivyo akamwokoa. Muuaji asiwe bwana mkubwa, alisema, awe tapeli anayejifanya bwana: joho lake limetiwa rangi ya maua ya magugu ya shambani, inayokimbia ikiguswa na maji. Hadithi ikaingia akilini. Ikapata tuzo ya uandishi, na Ku jukwaani akamshukuru mkewe, mbwa wake na hali ya hewa.

Mwezi uliopita uongozi uligundua, kwa mshtuko, kwamba hakuna aliyejifunza kuchachusha majani ya nili. Ukamwomba aandike ujuzi wake wote kwenye ukurasa mmoja. Aliandika: "Njooni kwangu Julai, tukivuna majani. Mje na mikono." Mpaka sasa amejiandikisha mtu mmoja, ndiye anayeandika haya.

Asante, Bi Maeng. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na simu isiyoshika mtandao kila Ku anapopiga.