Kuba la Ustadhi Hushang

Ndugu waombolezaji, wazee wa kamati ya msikiti, majirani wote wa mtaa wa Dardasht, mimi ni Keykavus, shemeji yake marehemu, na nimetumwa na dada yangu Irandokht niwasomee maisha ya mumewe bila kuongeza chumvi, ingawa yeye mwenyewe marehemu chumvi aliipenda.

Ustadhi Hushang Kashipaz alizaliwa hapa Isfahan tarehe 2 Aprili 1941, siku ya kumi na tatu ya Nauruzi, mwaka wetu mpya, jamaa wote wakiwa bustanini na masufuria ya supu ya tambi, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1953, kisha akaingia karakana ya baba yake kujifunza kukata vigae vya nakshi. Tarehe 9 Oktoba 1966 alimwoa dada yangu, wakajaliwa Mahin na Bijan.

Machi 1985, wakati wa vita, bomu lilipasua kuba la msikiti huu. Haji Nosrat, mwenyekiti wetu, usiiname, nakutaja kwa heshima, alisema, “Bati linatosha, Ustadhi, mvua haijui nakshi.” Marehemu akamjibu, “Bati ni la banda la kuku, Haji!” Wakakubaliana kwamba ikifika Nauruzi ya mwaka uliofuata aonyeshe kipande kimoja kinachooana na nakshi za zamani, akishindwa, bati lipande.

Sasa, vigae hivi hupangwa kifudifudi, mgongoni vikamwagiwa plasta, na fundi haoni uso wa kazi yake mpaka ainue. Marehemu kwa haraka akasahau kuugeuza mchoro, na kipande kilipoinuliwa mbele ya mtaa mzima, wiki chache kabla ya Nauruzi, matawi ya nakshi za kuba yalikwenda kulia, yake yakaenda kushoto. Lo! Muuza peremende akapiga kelele, “Ustadhi, maua yako yanatoroka!” Watu wakacheka hadi machozi, na bati likaletwa siku ileile.

Alirudi nyumbani akajilaza, hataki kula, na dada yangu akamwambia, “Mwanamume mzima umelala kifudifudi kama vigae vyako! Inuka, ama sivyo kauze peremende.” Akainuka, akakivunja kile kipande kwa nyundo yake mwenyewe, akaanza upya, na Nauruzi ilipofika matawi yalishikana, Haji Nosrat akambusu paji la uso hadharani. Kuba lote lilikamilika tarehe 14 Septemba 1991, na bati, kila jirani anajua, kuku wa Haji wanalifurahia hadi leo.

Mwaka 2017 alianza kuugua kifua, akafariki hospitalini alfajiri ya tarehe 6 Novemba 2019, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliolibeba jeneza, na majirani mliopika bila kuombwa.

Wafiwa huinamisha vichwa, lakini leo familia inawaomba mviinue, mtazame juu, kila mmoja pale alipoketi, yote hayo ni kazi ya mikono ya marehemu. Shemeji, umeshinda, pumzika kwa amani.