Rangi Mbichi Nyamasaria

Jioni moja mwaka wa 1987, treni ya Butere iliondoka Kisumu polepole, ziwa likimetameta upande wa kushoto. Dalmas alikuwa karibu kusinzia pale Mama Metrine, abiria aliyeketi mbele yake, alipomwuliza kazi yake. Aliposema ni dalali wa nyumba, mama akacheka.

"Basi wewe ni mwenzao, madalali! Leo dalali mmoja alinionyesha nyumba Nyamasaria. Alisifu kila chumba bila kupumua. Lakini kuta zote zilikuwa zimechakaa, isipokuwa kule chini, zilikopakwa rangi mbichi mpaka usawa wa magoti."

Dalmas alielewa mara moja. Mafuriko; rangi ilifunika alama za maji. "Sasa, mama, ukisema maji huingia, nani atanunua?"

"Mimi. Nilizaliwa Budalang'i, bwana. Maji yakija tunainua vitanda juu ya matofali, tunangoja yaende zake. Maji siyaogopi. Naogopa mtu anayeyaficha."

"Wewe ni mmoja. Wengine watakimbia."

"Wakimbie mapema, kabla hawajahamia humo na watoto."

Dalmas akageukia dirisha. Mafunjo yalipita, na kama ndotoni akaiona nyumba ile asiyoijua, maji yakiingia taratibu, watoto wakicheka juu ya vitanda. Ilikuwa nyumba nzuri.

"Uliipenda?" aliuliza, treni ikipunguza mwendo Kisian.

"Nilikuwa nimeshachagua dirisha la kukaa nikishona." Mama akachukua kikapu chake, akashuka.

"Lakini wengine wangekimbia," Dalmas alisema nyuma yake, safari hii kwa sauti ya chini, kana kwamba anajiambia mwenyewe.